Funzo la Bhopal: Hatari ya kuondoa kinga za akiba viwandani ili kupunguza gharama

USIKU wa kuamkia Desemba 3, 1984, wakazi wa jiji la Bhopal, katikati mwa India, waliamshwa na kikohozi kikali na macho yaliyowasha kana kwamba mtu amechoma pilipili ndani ya nyumba. Waliotoka nje walikuta wingu zito limetanda juu ya mitaa yao. Wakaanza kukimbia bila kujua wanakimbia nini wala waelekee upande gani.

Wingu hilo lilitoka katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha kampuni ya Union Carbide India, kilichopakana na mitaa ya walalahoi. Kufikia mapambazuko, maiti zilikuwa zimetapakaa barabarani na hospitali zimefurika wagonjwa ambao madaktari hawakujua wawatibu vipi.

Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh baadaye ilithibitisha vifo 3,787 vilivyotokana na gesi hiyo. Mashirika yanayowatetea waathiriwa husema idadi halisi ni kubwa zaidi, hasa ikiwa watahesabiwa waliofariki miaka iliyofuata kutokana na maradhi ya mapafu na mengineyo. Mnamo 2006, serikali ilieleza katika hati ya kiapo kwamba watu 558,125 walidhurika.

Kiwanda hicho kilikuwa na kinga. Wahandisi waliokibuni walikuwa wameweka angalau tano, moja nyuma ya nyingine, ili gesi hiyo isiwafikie majirani. Usiku huo hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyokusudiwa. Baadhi zilikuwa zimezimwa, moja ilikuwa imeng'olewa kipande cha bomba, na nyingine hazikuwa tayari. Uchunguzi mwingi uliofanywa baadaye ulitaja jambo moja kama chanzo kikuu cha hali hiyo: jitihada za kupunguza gharama katika kiwanda kilichokuwa kikipata hasara.

Miongo minne imepita tangu mkasa huo, lakini wasimamizi wa viwanda kote duniani bado hukabiliwa na kishawishi kile kile kila bajeti inapoandikwa. Ni vigumu kumshawishi mhasibu kwamba kifaa ambacho hakijawahi kutumika hata siku moja kinastahili kununuliwa, kukaguliwa na kukarabatiwa kila mwaka.

Kinga ya akiba ni nini?

Katika kiwanda chochote chenye vitu vya hatari, iwe ni gesi, mafuta, mvuke au kemikali, wahandisi hawategemei kifaa kimoja. Huweka cha kwanza, kisha cha pili cha kushika nafasi iwapo cha kwanza kitashindwa, na pengine cha tatu na cha nne.

Pampu ya maji ya kuzima moto huwa na mwenzake. Geji inayoonyesha ujazo wa tangi huambatana na swichi nyingine ya kukata mtiririko wa mafuta iwapo geji itakwama. Jenereta nayo husubiri stima ipotee. Vifaa hivi vinavyosubiri ndivyo kinga za akiba.

Mfano mwepesi ni gurudumu la spea. Matatu ya masafa marefu hulibeba kila siku, nalo laweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa. Mwenye gari akiliuza, atapata fedha siku hiyo hiyo, na gari litaendelea kwenda vilevile. Hasara itaonekana usiku mmoja, mbali na mji, gurudumu jingine litakapopasuka.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia kwamba kila kifaa hushindwa mara moja katika kila mara kumi kinapohitajika. Kiwanda chenye kifaa kimoja kitapata ajali mara moja katika kila matukio 10 ya hatari. Kikiwa na viwili visivyotegemeana, ajali itatokea mara moja katika matukio 100. Vikiwa vitatu, mara moja katika matukio 1,000.

Anayeondoa kimoja kati ya vitatu hivyo huwa ameongeza hatari mara kumi. Hata hivyo, kesho yake mitambo itanguruma kama ilivyonguruma jana. Hakuna kitakachomwonyesha kwamba amekosea, na huenda akasifiwa kwa kuokoa fedha.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Manchester, alieleza jambo hili kwa mfano wa vipande vya jibini yenye matundu. Kwa msomaji wa hapa nchini, vyandarua vitafaa zaidi. Fikiria vyandarua kadhaa vikuukuu vilivyotundikwa kimoja juu ya kingine. Kila kimoja kina tundu, lakini mbu hapiti mradi matundu hayo hayajapangana. Kila chandarua kinachoondolewa humfupishia mbu safari.

Kinga tano za Bhopal

Kiwanda cha Bhopal kilitengeneza dawa ya kuua wadudu mashambani iliyoitwa Sevin. Mojawapo ya kemikali zilizohitajika ni methili aisosayaneti, ambayo wafanyakazi waliiita kwa kifupi MIC. Ni kimiminika kinachochemka kwenye joto la nyuzi 39 za Selsiasi, na mvuke wake hushambulia macho na mapafu. Ikichanganyika na maji, hutoa joto jingi, nalo joto hilo huzidi kuuchochea mchanganyiko.

MIC ilihifadhiwa katika matangi matatu ya chuma cha pua yaliyofukiwa kwa udongo na saruji. Kwa kujua hatari yake, wabunifu wa kiwanda waliweka kinga zifuatazo.

Ya kwanza ilikuwa mtambo wa kupoza, uliokusudiwa kuiweka MIC katika baridi inayokaribia nyuzi sufuri. Kemikali iliyopozwa hivyo huchelewa kuchemka hata ikiingiwa na maji, na wafanyakazi hupata muda wa kuchukua hatua.

Ya pili ilikuwa tangi la akiba. Kati ya matangi matatu, moja lilipaswa kuwa tupu wakati wote ili kupokea kemikali kutoka tangi lolote litakalopata hitilafu.

Ya tatu ilikuwa mnara wa kusafishia gesi. Gesi inayotoroka ilipaswa kupitishwa humo na kunyunyiziwa maji ya kostiki soda, kemikali ile ile inayotumiwa kutengenezea sabuni, ili makali yake yaishe.

Ya nne ilikuwa mnara wa kuchomea gesi. Kilichoponyoka kwenye mnara wa kusafishia kingeungua juu angani kabla ya kuwafikia watu.

Ya tano ilikuwa mipira ya maji ya kurusha pazia la maji hewani na kuizima gesi iliyobaki. Zaidi ya hizo, kulikuwa na vipimo vya joto na shinikizo, kengele za tahadhari na king'ora cha kuwaonya majirani.

Jinsi zilivyoondoka moja moja

Hakuna aliyeketi siku moja na kuamua kwamba Bhopal ifanye kazi bila kinga. Kila moja iliondoka kwa wakati wake, na kila uamuzi ulikuwa na sababu iliyoonekana ya busara siku ulipofanywa.

Kiwanda kilikuwa kimejengwa kwa matumaini ya soko kubwa ambalo halikutokea. Kilikuwa na uwezo wa kutengeneza takriban tani 5,000 za dawa kwa mwaka, lakini mauzo yalishuka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho. Wakulima wengi hawakuwa na fedha za kununua, na dawa nyingine za bei nafuu zilikuwa zimeingia sokoni. Kuanzia 1983, agizo la kupunguza matumizi likawa wimbo wa kila siku.

Wafanyakazi wa sehemu ya MIC walipunguzwa kutoka 12 hadi sita kwa kila zamu. Cheo cha msimamizi wa ukarabati katika zamu ya usiku kiliondolewa. Vifaa vilivyoharibika vilichukua muda mrefu zaidi kutengenezwa, na wahudumu wa mitambo walizoea kufanya kazi na geji walizojua kwamba hazisemi kweli.

Mnamo Juni 1984, mtambo wa kupoza ulizimwa, na kimiminika chake cha kupozea kikatolewa ili kitumiwe kwingineko kiwandani. Kuanzia hapo, MIC ilikaa katika joto la kawaida la mazingira. Kengele ya tahadhari ya joto ilikuwa imepangwa kulia joto likifika nyuzi 11, na kwa kuwa sasa joto lilikuwa juu ya hapo kila siku, kengele hiyo haikuwa na maana tena.

Mnamo Oktoba mwaka huo, utengenezaji wa MIC ulisimamishwa. Kwa kuwa mtambo ulikuwa umelala, mnara wa kusafishia gesi uliwekwa katika hali ya kusubiri. Kwenye mnara wa kuchomea, kipande cha bomba kilichokuwa kimeliwa na kutu kiling'olewa, na kipya kilikuwa hakijafungwa. Tangi lililopaswa kuwa tupu lilikuwa na kiasi cha MIC ndani yake.

Kosa la hoja hiyo lilikuwa kwamba kulala kwa mtambo hakukuondoa hatari. Zaidi ya tani 60 za MIC zilikuwa bado kiwandani, na tangi nambari 610 peke yake lilikuwa na takriban tani 42. Utengenezaji ulikuwa umesimama, lakini kitu kilichohitaji kuzuiwa kilikuwa palepale.

Maonyo hayakukosekana

Wafanyakazi na waandishi wa habari walikuwa wameonya mapema. Mnamo Desemba 1981, mfanyakazi mmoja alifariki baada ya kupatwa na gesi ya fosijini, kemikali nyingine iliyotumiwa kiwandani humo. Mwaka uliofuata, uvujaji mwingine uliwalaza hospitalini wafanyakazi kadhaa.

Mnamo Mei 1982, wataalamu waliotumwa kutoka makao makuu ya kampuni hiyo Marekani walikagua kiwanda na kuorodhesha hatari 61, 30 kati yake zikiwa kubwa. Walitaja uwezekano wa kemikali za sumu kuponyoka, na wakakosoa hali ya ukarabati pamoja na uhaba wa wafanyakazi wenye uzoefu.

Mwaka huo huo, mwanahabari wa Bhopal, Rajkumar Keswani, aliandika makala kadhaa akionya kwamba jiji lake lilikuwa limekaa juu ya volkano. Viongozi walimpuuza. Baada ya mkasa, makala zake zilisomwa duniani kote, ila kwa wale waliokuwa wamekufa, majuto yalikuwa mjukuu.

Usiku wenyewe

Jioni ya Desemba 2, maji yaliingia katika tangi nambari 610. Namna yalivyoingia bado inabishaniwa. Wachunguzi wengi wanasema yalitoka kwenye mabomba yaliyokuwa yakioshwa karibu na hapo, ilhali kampuni ya Union Carbide ya Marekani imeshikilia kwamba mfanyakazi aliyekuwa na kinyongo aliyaingiza kwa makusudi.

Mwendo wa saa tano usiku, shinikizo ndani ya tangi lilianza kupanda. Wahudumu hawakushtuka, kwani kiasi hicho kilikuwa bado katika mipaka ya kawaida, na geji zenyewe hazikuaminika. Nusu saa baadaye, macho yalianza kuwawasha. Walitafuta, wakaona panapovuja, na wakakubaliana kulishughulikia jambo hilo baada ya mapumziko ya chai. Uvujaji mdogo ulikuwa umezoeleka kiwandani.

Muda mfupi baada ya saa sita na nusu usiku, shinikizo lilipanda ghafla, saruji iliyofunika tangi ikapasuka, na vali ya usalama ikafunguka. Gesi ilipanda katika bomba na kutokea juu, kimo cha takriban mita 30 kutoka ardhini.

Wahudumu walikimbilia kinga zao. Mtambo wa kupoza haukuwa na kimiminika. Mnara wa kusafishia haukuwa tayari. Mnara wa kuchomea haungeweza kuwashwa, kwa kuwa bomba lake lilikuwa limekatika. Tangi la akiba halikutumiwa. Walirusha maji kwa mipira, lakini hayakufika nusu ya kimo gesi ilikotokea.

King'ora cha kuwaonya majirani kililia kwa muda mfupi, kisha kikazimwa. Kilipolia tena baadaye, gesi ilikuwa tayari imeingia majumbani. MIC ni nzito kuliko hewa, hivyo ilitambaa chini chini ambako watoto na wafupi walivuta nyingi zaidi. Kitambaa kilicholowa maji usoni kingewaokoa wengi, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia.

Je, kinga hizo zingetosha?

Wataalamu wanaotafakari mkasa huu huuliza swali la haki: kama vifaa hivyo vyote vingekuwa vikifanya kazi, je, watu wangenusurika?

Jibu lao lina pande mbili. Mnara wa kusafishia na ule wa kuchomea vilibuniwa kwa kiasi kidogo cha gesi kuliko kilichotoka usiku ule. Peke yake, hakuna uliokuwa na uwezo wa kuizuia yote.

Hata hivyo, kinga hazikuwekwa ili zifanye kazi peke yake. MIC iliyopozwa vizuri ingechemka polepole. Kengele ya joto ingelia saa kadhaa mapema. Sehemu ya kemikali ingehamishiwa tangi tupu, sehemu nyingine ingesafishwa, na nyingine ingechomwa. Wakazi wangeonywa wakati bado kuna nafasi ya kuondoka. Hata kama ingekuwa kweli kwamba maji yaliingizwa kwa makusudi, vilevile kazi ya kinga ni kuzuia kosa la mtu mmoja, la bahati mbaya au la kusudi, lisiwe msiba wa jiji zima.

Gharama iliyolipwa baadaye ilipita mbali akiba iliyopatikana. Mnamo Februari 1989, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 470 za Marekani. Zilipogawanywa miongoni mwa mamia ya maelfu ya waathiriwa, wengi wa waliojeruhiwa walipata rupia 25,000 kila mmoja. Waathiriwa walilalamika kwamba fedha hizo hazikutosha matibabu, lakini ombi la kuongezewa lilikataliwa na Mahakama ya Juu ya India mnamo Machi 2023.

Warren Anderson, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo Marekani, alikamatwa alipozuru Bhopal siku chache baada ya mkasa, akaachiliwa kwa dhamana na hakurudi tena India hadi alipofariki mwaka 2014. Mnamo Juni 2010, mahakama ya Bhopal iliwapata na hatia ya uzembe waliokuwa maafisa wa kampuni tanzu ya India na kuwahukumu kifungo cha miaka miwili. Kiwanda hakikufunguliwa tena kamwe, na ilichukua hadi Januari 2025 kwa tani 337 za taka za sumu kuondolewa humo.

Yaliyotokea baada ya Bhopal

Mtu angedhani kwamba baada ya mkasa huo viwanda vingejifunza. Mnamo Machi 23, 2005, mlipuko ulitokea katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha kampuni ya BP mjini Texas City, Marekani. Watu 15 walifariki na 180 wakajeruhiwa.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani waligundua kwamba mnara mmoja ulijazwa mafuta kupita kiasi wakati wa kuwashwa, na kengele ya kuonya kwamba umejaa haikulia. Mafuta yalimwagika kupitia mtambo wa zamani uliofunguka moja kwa moja angani. Kulikuwa na nafasi kadhaa miaka iliyotangulia za kuuunganisha mtambo huo na mnara wa kuchomea, lakini hazikutumiwa.

Ripoti hiyo pia ilieleza kwamba mnamo 1999 wakuu wa kampuni waliagiza viwanda vyao vipunguze gharama za kudumu kwa asilimia 25. Nafasi ya mhudumu wa pili katika chumba cha kuongozea mitambo ilikuwa imeondolewa, na mtu mmoja akaachiwa kusimamia mitambo mitatu kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo, Desemba 11, bohari ya mafuta ya Buncefield nchini Uingereza ililipuka na kuteketea kwa siku kadhaa. Geji ya tangi moja la petroli ilikuwa imekwama, nayo mafuta yakaendelea kuingia. Swichi ya akiba, iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya hali kama hiyo, ilikuwapo lakini haikufanya kazi kwa kuwa haikuwa imefungwa ipasavyo. Kwa bahati ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Zaidi ya watu 40 walijeruhiwa, na hakuna aliyekufa.

Buncefield inaonyesha kwamba kinga haihitaji kung'olewa ili ipotee. Fedha za kuikagua zikikatwa, au wanaoifunga wasipoelezwa inavyofanya kazi, hubaki ukutani kama pambo.

Je, kila kinga ibaki milele?

Kwa upande mwingine, si haki kusema kwamba kila kifaa kilichowahi kuwekwa kisiondolewe kamwe. Vifaa vingi kupita kiasi vyaweza kuleta hatari yake. Julai 24, 1994, katika kiwanda cha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, wahudumu wawili walipigiwa kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Katika kelele hizo, hawakuweza kutambua onyo lililokuwa muhimu.

Vilevile, vifaa viwili vinavyotegemea stima moja au bomba moja ni kinga mbili kwa jina tu. Stima ikikatika, vyote hufa pamoja. Kuondoa kimoja cha aina hiyo na kuweka kingine kinachojitegemea kwaweza kuboresha usalama.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa usalama hupendekeza kwamba kabla ya kifaa kuzimwa au kuondolewa, hata kwa siku moja, maswali kadhaa yajibiwe kwa maandishi. Kifaa hiki kiliwekwa kuzuia nini? Je, hatari hiyo bado ipo? Ni kitu gani kitakachoshika nafasi yake? Ni kinga gani nyingine ambazo tayari zimezimwa leo? Nani ameidhinisha, na kitarudishwa tarehe gani?

Swali la nne ndilo lililokosa jibu Bhopal. Aliyezima mtambo wa kupoza mwezi Juni huenda aliamini kwamba kulikuwa na mnara wa kuchomea. Aliyeng'oa bomba la mnara wa kuchomea huenda aliamini kwamba kulikuwa na mnara wa kusafishia. Kila mmoja aliegemea kinga ya mwenzake.

Sheria ya Kenya yasemaje?

Nchini Kenya, suala hili linaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, iliyochukua mahali pa Sheria ya Viwanda ya zamani. Inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mitambo na taratibu za kazi ni salama. Aidha, mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi wanawakilishwa.

Sheria hiyo pia inataka ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12 na mtaalamu aliyesajiliwa. Inakataza mtu yeyote kuchezea au kutumia vibaya vifaa vilivyowekwa kwa ajili ya usalama. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu anapaswa kumjulisha msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo wakati hatari hiyo ingalipo.

Kwa hivyo, mfanyakazi anayeona kengele iliyofungwa kwa kitambaa ili isipige kelele, pampu ya akiba iliyotolewa vipuri ili kutengeneza nyingine, au mlango wa dharura uliotiwa kufuli, ana haki na wajibu wa kuuliza. Kamati ya usalama ndiyo mahali pa kwanza pa kulifikisha jambo hilo, na jibu linafaa kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Majirani wa viwanda nao wana haja ya kujua. Wakenya hawajasahau Septemba 12, 2011, katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, ambapo petroli iliyovuja na kuingia kwenye mtaro ilishika moto na kuua zaidi ya watu 100. Kama ilivyokuwa Bhopal, waliokufa hawakuwa na usemi katika maamuzi ya upande wa pili wa ua, wala hawakuwa wameelezwa wafanye nini hatari ikitokea.

Marekani ilipitisha sheria mnamo 1986, kutokana na funzo la Bhopal, inayovitaka viwanda kuwaeleza wakazi wa karibu kemikali zinazohifadhiwa humo na kuandaa nao mipango ya dharura. Elimu ya namna hiyo haigharimu mitambo mipya. Huhitaji mikutano, mabango, na king'ora ambacho watu wanakijua mlio wake na ambacho hakuna meneja anayekizima ili kuepuka maswali.

Kwa wanaoandaa bajeti, wataalamu wana shauri moja la mwisho. Kifaa cha usalama kinapoorodheshwa kati ya vitu vya kupunguzwa, mbele ya bei ya kukitunza paandikwe pia kile kitakachotokea siku kitakapohitajika na kukosekana, pamoja na idadi ya watu wanaolala karibu na ua wa kiwanda. Aliyetia sahihi akishayasoma hayo yote mawili, ndipo aamue.